Kabla ya kununua jiko kubwa la gesi, tazama dirisha lako

Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imeshika, alikuja kwangu mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwalimu, akilalamikia kuumwa na kichwa. Alikuwa amepimwa malaria mara tatu na mara zote hakupatikana na kitu. Alikwisha kumeza dawa za mafua, dawa za kutuliza maumivu na hata vidonge vya kupunguza wasiwasi. Jumapili moja jioni hali ilizidi, akakimbizwa kliniki. Huko walimwekea kidoleni kile kifaa cha kubana kinachopima oksijeni, kikasoma asilimia 98, naye akarudishwa nyumbani na kuambiwa hewa yake ni nzuri mno.

"Daktari, kichwa hiki ni cha Jumapili," aliniambia. "Jumatatu nikikaa shule mpaka mchana, kinakuwa kimekwisha."

Nilimwuliza kama kuna mwingine nyumbani anayeugua. Akacheka. Binti yake naye huona kizunguzungu siku hiyo hiyo, na msichana wa kazi hutapika, lakini wao walikuwa wameamua ya kuwa ni nyama ya bucha fulani. Nikamwuliza ni kitu gani kipya kilichoingia nyumbani mwaka huo. Uso wake ulichangamka. Mwanawe anayeishi Uingereza alikuwa amemletea jiko la gesi la kuzamishwa kwenye kaunta, kubwa, lenye vichomeo sita, au bana sita kama wauzaji wanavyosema. Jumapili ndiyo siku ya wageni, na vyote sita huwaka kuanzia asubuhi.

Sikumwandikia dawa yoyote. Nilimwomba asiliwashe tena jiko lile mpaka fundi wa gesi alikague, na binti yake anitumie kwa simu picha ya moto wake aliyokuwa amewahi kuipiga. Picha ilikuwapo, kwa maana walikuwa wamejipiga wakishangilia zawadi. Moto ulikuwa wa manjano, mrefu, ukiramba kuta za sufuria. Na sufuria zenyewe zilikuwa nyeusi chini kama zilizopikiwa kwenye kuni.

Msomaji, kama una jiko la gesi nyumbani, nenda ukatazame moto wake kabla ya kuendelea kusoma. Moto mzuri wa gesi ni wa samawati, mfupi, umetulia, na sufuria haipati masizi. Ukiwa wa manjano, gesi haiungui sawasawa, na mahali gesi isipoungua sawasawa hutoka kaboni monoksaidi. Hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na oksijeni hukosa pa kukaa. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huchoka. Ikizidi huzirai na kufa. Akitoka nje kwenye hewa safi, nusu ya sumu hiyo huondoka damuni kwa muda wa saa nne au tano hivi, na ndiyo sababu mwalimu wetu alikuwa mzima Jumatatu mchana.

Na kile kifaa cha kidole? Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Huziona zote nyekundu na kutoa namba nzuri. Nawaomba wenzangu wa kliniki ndogo walikumbuke hilo. Nyumba nzima ikiumwa na kichwa kwa wakati mmoja, ulizeni kuhusu jikoni kabla ya kutafuta malaria.

Fundi alipofungua jiko lile hakuona lililovunjika. Lilikuwa jiko zima kabisa, ila la nchi nyingine. Nyumba nyingi za Uingereza hupikia gesi asilia inayopita katika mabomba ya mtaani. Sisi hupikia gesi ya mtungi, ambayo ni propeni na buteni, na kwa ujazo ule ule ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Kwa hivyo kile kitundu cha shaba kilicho chini ya kila kichomeo, ambacho mafundi hukiita nozeli, huwa kipana kwenye jiko la gesi asilia na chembamba kwenye jiko la mtungi. Ukilifunga jiko la gesi asilia kwenye mtungi bila kubadilisha nozeli, gesi humwagika nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza. Majiko mengi huuzwa na kifuko cha nozeli za akiba kwa ajili hiyo hiyo. Kifuko cha mwalimu kilipatikana ndani ya kabati, hakijafunguliwa, pamoja na kitabu cha maelezo ambacho hakuna aliyekisoma.

Basi swali la kwanza dukani, au kwa jamaa anayekuletea zawadi kutoka ng'ambo, si bei wala rangi ya kioo. Jiko hili limetengenezwa kwa gesi gani, na nozeli za mtungi zimo? Kibandiko kilicho chini ya jiko hueleza aina ya gesi na presha yake. Regulata utakayofunga mtungini lazima ilingane na presha hiyo. Muuzaji asiyejua kukionyesha kibandiko hicho, mwache na jiko lake.

Hata hivyo nozeli ilikuwa nusu tu ya maradhi ya nyumba ile. Nusu nyingine ilikuwa karatasi. Jikoni mle mlikuwa na dirisha moja na matundu ya hewa juu yake, na matundu hayo yalikuwa yamezibwa kwa magazeti kwa sababu ya baridi na mbu. Dirisha nalo lilifungwa kwa sababu upepo ulikuwa ukizima moto.

Wengi wetu tunaponunua jiko kubwa huhesabu vichomeo. Mimi ningependa uhesabu moto. Chukua jiko la kawaida la vichomeo vitano lenye upana wa sentimita 90: kidogo cha kilowati 1, viwili vya kadiri vya kilowati 1.75 kila kimoja, kikubwa cha 3, na kile cha katikati cha duru mbili cha 4. Jumla ni kilowati 11.5. Vyote vikiwaka kwa nguvu, utaunguza karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hautamaliza saa saba, na kwa kweli mtungi mdogo kiasi hicho hauwezi hata kuulisha moto huo. Hupoa, presha ikashuka, na moto ukafifia wakati pilau haijakauka. Jiko kubwa linataka mtungi wa kilo 13 au zaidi.

Lakini hesabu inayonihusu mimi kama daktari ni nyingine. Kila kilo ya gesi inayoungua, hata ikiungua vizuri sana, hutoa takriban lita moja na nusu ya maji kwa njia ya mvuke. Maji hayo huganda ukutani, na wiki chache baadaye unaona kuvu nyeusi pembeni mwa dari, nayo kuvu haipatani na kifua cha mtoto. Isitoshe, moto wenyewe hutengeneza naitrojeni dayoksaidi, hewa inayowasha njia za pumzi. Moto wa samawati hautuokoi nayo. Mwaka 2013, watafiti waliojumlisha tafiti nyingi katika jarida la International Journal of Epidemiology waliripoti kwamba watoto wa nyumba zinazopika kwa gesi walikuwa na hatari ya asilimia 42 zaidi ya kuwa na pumu kuliko watoto wa nyumba zisizopika kwa gesi.

Tafadhali asiwepo atakayeisoma namba hiyo akarudi kwenye makaa! Hapa kwetu asiyepika kwa gesi aghalabu hupika kwa kuni, makaa au mafuta ya taa, na moshi wa hivyo ni mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na tangu mwaka 2014 shirika hilo limekuwa likishauri mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani. Gesi ni hatua kubwa mbele. Ninachosema ni kwamba moto wa vichomeo vitano au sita unahitaji jikoni panapopumua, ilhali jikoni katika fleti zetu nyingi ni ukanda wa hatua tatu. Kwa jikoni kama hiyo, jiko la vichomeo vinne lenye upana wa sentimita 60 linatosha, na aliye na mtoto mwenye pumu kali afikirie kupika angalau chai na uji kwa stima.

Wauzaji watakwambia usijali, nunua feni ya kuvuta moshi ya kuweka juu ya jiko. Ni shauri zuri, lakini uliza: hewa hiyo inakwenda wapi? Feni zipo za namna mbili. Moja huitoa hewa nje kwa bomba. Nyingine huivuta, ikaichuja mafuta na harufu, kisha ikairudisha mle mle jikoni. Hii ya pili itakuondolea harufu ya samaki, lakini haitaondoa kaboni monoksaidi. Wapangaji wengi wanayo bila kujua. Panda kwenye kiti utazame kama bomba linatoboa ukuta. Feni yenyewe isiwe nyembamba kuliko jiko, na kwa kawaida hukaa sentimita 65 hadi 75 juu yake.

Kama ni kioo au chuma, hilo nakuachia, ila kwa neno moja: nenda dukani na sufuria yako kubwa na mwiko. Najua utachekwa. Mimi nilichekwa, mume wangu akajifanya hanijui. Weka sufuria juu ya vyuma vya jiko, kisha igiza kusonga ugali kwa nguvu zako zote. Vyuma vyepesi vitateleza, na sufuria ya maji yanayochemka ikiteleza, ni mimi nitakayekufunga bendeji. Tazama pia kama sufuria kubwa mbili zinaweza kukaa pamoja bila kusukumana. Sufuria pana inayofunika vichomeo viwili huurudisha moto chini, na kioo kilichopata joto namna hiyo kinaweza kupasuka.

Kisha tazama kando ya kila kichomeo kama kuna kijiti kidogo cha chuma, mbali na kile cha kutoa cheche. Hicho hupata joto la moto na kuishikilia gesi ikiwa wazi. Moto ukizimwa na upepo au uji uliofurika, hupoa na kuifunga gesi chenyewe baada ya muda mfupi. Ndiyo maana jiko kama hilo hukutaka ubonyeze kwa sekunde chache unapoliwasha. Kuna wanaolalamika kwamba ni usumbufu. Ningekuwa na fedha za kulipia kitu kimoja tu cha ziada, ningelipia hicho. Nyumba yenye mtoto wa miaka miwili inahitaji pia vifundo vya kuwashia vilivyo juu ya kaunta, asivyovifikia, na mazoea ya kupika kwenye vichomeo vya nyuma. Akiungua, mweke chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, kisha mlete hospitali. Dawa ya meno, mayai na samli viacheni mezani.

Mtungi ukae nje kama nafasi ipo, umesimama wima. Gesi yetu ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya, kwa hiyo kuuficha mtungi ndani ya kabati lisilo na matundu ni kuutegea mtego. Viungo vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukinusa ile harufu ya kabichi iliyooza inayotiwa gesi makusudi, funga mtungi, fungua milango, utoe watu nje, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha si kuzima. Na ununue gesi kwa muuzaji mwenye leseni. Mlipuko wa Embakasi wa Februari 1, 2024, ulioua watu na kujeruhi mamia, ulitokea usiku watu wakiwa majumbani mwao.

Mwalimu alirudi kwangu mwezi wa Septemba, safari hii kwa sababu ya goti. Nozeli zilikuwa zimebadilishwa, magazeti yametolewa kwenye matundu, na wavu wa mbu umewekwa mahali pake. Jumapili bado anapikia wageni, ila kwa vichomeo vinne, dirisha likiwa wazi na sweta mwilini. Nilimwuliza habari za kichwa. Akaniambia kimepona, lakini hajajua atamwomba vipi msamaha yule mwenye bucha.