Filme ikikatakata ku mashini ya DVD, tufanye nini?



Tulikuwa tunaonyesha filme juu ya mnyauko wa migomba katika kikundi kimoja. Watu wamejaa, jenereta inanguruma, esansi inaisha. Kumbe filme ikaanza kukatakata: picha inasimama, sauti inatangulia, midomo inafuata nyuma. Ilikwama hasa fasi ya kuonyesha namna ya kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda. Mwishoni mama mmoja akauliza: «Basi tukate na kisu?» Hapana! Kisu kilichogusa mgomba mgonjwa kinapeleka ugonjwa ku mgomba mzima. Filme mbovu inaweza kufundisha vibaya. Ndiyo sababu tunaeleza hapa namna ya kuitengeneza.

Kwa nini inakatakata?

Faili ya filme imebanwa ili iwe ndogo. Ni kama muhogo: tunaukausha na kuutwanga ili ubebeke, lakini mbele ya kula lazima mtu apike bugali. Mashini ya DVD ndiyo mpishi. Inapaswa kupika picha 25 kila sekunde. Unga ukiletwa mwingi kupita nguvu yake, au ukichelewa kufika, sahani zinakosa. Hapo picha inasimama.

Kwanza tafuteni shida iko wapi

Wekeni DVD ya duka, ile isiyo na mikwaruzo. Nayo ikikatakata, shida si faili. Angalieni vumbi ku jicho la mashini, moto wa jenereta unaopanda na kushuka, ao mashini iliyowekwa juu ya baffle inayotetemeka. Iwekeni ku meza iliyotulia.

DVD ya duka ikienda vizuri, rudisheni filme yenu mara mbili. Ikikwama kila mara fasi ileile, diski ina mkwaruzo ao faili ni nzito fasi ile. Mara nyingi ni pale majani yanapochezwa na upepo ao watu wanapotembea, kwani picha zenye mwendo zinaomba kazi nyingi. Ikikwama leo huku, kesho kule, mashini haisomi vizuri. Pangusa diski na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, usizungushe.

Tena, ikikwama ku flashi lakini inaenda vizuri ku diski, mlango wa flashi wa ile mashini ni wa polepole. Tumieni diski. Na flashi isiyoonekana kabisa, mara nyingi haikupangwa kwa FAT32. Toeni faili zote kwanza mbele ya kuipanga upya, kwani kazi hiyo inafuta kila kitu.

Hesabu ya uzito

Chukua uzito wa faili kwa MB, gawanya kwa dakika za filme. Ukipata kati ya 10 na 15, ni vizuri. Ukipita 30, mashini nyingi zinachoka. Filme yetu ilikuwa na dakika 20 na MB 900, maana yake 45 kwa dakika moja. Ilikuwa nzito mno! Tuliipunguza mpaka MB 240, ni 12 kwa dakika, na ikaenda bila kusimama.

Uzito si kitu kimoja tu. Filme za simu mara nyingi ni za MP4 na picha ya 1920 kwa 1080. Mashini za zamani zinajua AVI ya DivX ao Xvid, na picha isiyopita 720 kwa 576. Ukisikia sauti bila kuona picha, sababu ni hiyo.

Namna ya kuitengeneza

Moniteri ao kijana mwenye ordinatere atumie programu Avidemux, ni ya bure:

1. Afungue filme, apunguze picha iwe 720 kwa 400 kama ni pana.
2. Kwa picha achague Xvid, kwa sauti MP3 ya 128 isiyobadilika (CBR).
3. Akiona maneno Qpel ao GMC, ayaache bila alama. Mashini nyingi zinakwama juu ya hayo.
4. Aandike uzito anaotaka, kisha ahifadhi kama AVI.
5. Akichoma diski, achome polepole, 4x ao 8x. Haraka haraka inaleta makosa.

Njia ingine, na ndiyo tunaipenda kwa filme ya kuzunguka vijiji vingi: tengenezeni DVD ya kweli na programu DVDStyler. Diski moja ya GB 4,7 inabeba saa moja mpaka mbili. Karibu kila mashini ya DVD inajua kuisoma, hata nyingi za zamani.

Mbele ya mkutano

Jaribuni filme nzima siku moja mbele, ku mashini ileile na moto uleule. Mtu mmoja wa komite akae aitazame mpaka mwisho. Bebeni diski ya pili. Na ikikwama hata hivyo, zimeni, msimame wenyewe, mwonyeshe kazi ku mgomba: kijiti chenye panda mkononi, ua dume linavunjwa mara tu mkono wa mwisho wa ndizi umetokea. Mkulima asirudi nyumbani na nusu ya fundisho.