Bustani za Malindi, Maji ya Chumvi na Ardhi ya Wenyewe

Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilirudi Malindi kutoka Bara Hindi. Zilikuwa zimekaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani kwa kiseyeye, ugonjwa unaofurisha ufizi hadi ukafunika meno. Nahodha alimtuma mtu nchi kavu akalete machungwa, maana ndiyo wagonjwa waliyoyatamani. Vitamini C haikujulikana hadi karne ya 20, lakini mji ulikuwa na machungwa ya kutoa, na Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliutaja kwa wingi wa bustani zake za mboga na matunda.

Leo sehemu kubwa ya mboga za mji huo huo hufika kwa lori. Kabichi, karoti na viazi hutoka nyanda za juu; nyanya hutoka Loitokitok au Taita; na vingi hupitia kwanza soko la Kongowea, Mombasa, kilomita zipatazo 120 kutoka Malindi. Kabichi huvumilia safari. Majani mabichi hayavumilii: kwenye joto la pwani hunyauka kwa saa chache, na vitamini C ndiyo hutangulia kupotea. Kwa hiyo mama mboga wa mitaa kama Muyeye au Barani hupendelea kuweka kile kisichooza haraka, na mteja mwenye shilingi chache hununua hicho hicho.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi, ulimo mji wa Malindi, wamedumaa, wakati wastani wa Kenya nzima ni asilimia 18. Hakuna kaunti iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko hicho. Kudumaa kuna sababu nyingi: umaskini, kuhara kwa mara kwa mara, lishe ya mama kabla ya kujifungua, ukame wa Ganze na Magarini. Sitamdanganya mtu kwamba bustani ya magunia mjini, ninayoizungumzia hapa, itaondoa yote hayo. Gunia la mchicha halishibishi. Kazi yake ni kuweka mboga kando ya sima kila siku, na katika nyumba nyingi za mjini kitoweo hicho ndicho hukosekana.

Miradi ya bustani za mitaani huanza karibu kila mara na mbegu na mafunzo. Naona ni kuanzia mwisho. Watu wa Kilifi ni wakulima, na mjini wamehamia na ujuzi wao. Wanachokosa ni maji baridi na ardhi ambako hawatafukuzwa, na mtu akishaelewa mambo hayo mawili ndipo anaweza kuamua apande nini.

Tuanze na maji. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, mvua ya Malindi ni haba mno na jua ni kali. Tuta la mboga hupoteza takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani ndogo ya mita 10 za mraba inataka lita 50, yaani majerikeni mawili na nusu ya lita 20, kila siku ya Mungu. Maji ya bomba hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na bomba hilo hulisha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa. Mafuriko au hitilafu ya umeme ikisimamisha pampu, mitaa hukauka, na familia inayonunua maji ya mkokoteni haiwezi kuyamwagia mchicha.

Ndipo watu hurudi kisimani. Chini ya mji huu kuna mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi, na maji ya bahari hupenya ndani yake. Maji ya mvua yanayoshuka ardhini ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni inayojulikana kwa wataalamu wa maji ya ardhini ni kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Habari hiyo inafurahisha hadi uigeuze: ukivuta maji kwa pampu hadi uso ukashuka mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40 kutoka chini. Kisima kilichokuwa kitamu wakati wa ndoo na kamba huharibika baada ya jirani, au hoteli, kuweka mashine. Hata magofu ya Gede, safari fupi kusini-magharibi mwa Malindi, yanatukumbusha jambo hili. James Kirkman aliyeyachimbua kuanzia mwaka 1948 aliona kuwa kisima cha karibu na msikiti mkuu kilikuwa kimechimbwa kikaongezwa kina, na kushuka kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa.

Chumvi haiui mimea yote kwa kiwango kimoja, na hapa elimu kidogo huokoa jasho jingi. Wataalamu wa kilimo hupima chumvi ya udongo kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme. Maharagwe na karoti huanza kupunguza mavuno kipimo kikifika 1. Vitunguu ni 1.2, kabichi 1.8, nyanya 2.5. Kunde husubiri hadi karibu 5. Kwa maneno mengine, kisima kinachomvunja moyo mtu aliyepanda maharagwe kinaweza kumpa jirani yake kunde za kutosha, majani kwanza na punje baadaye. Mchicha nao ni mvumilivu kuliko sukuma wiki. Nimewaona watu wakilaumu mbegu na duka la pembejeo, ilhali jawabu lilikuwa kwenye ndoo.

Kuna maji mengine yanayokwenda shimoni kila siku bila mtu kuyawaza: maji ya udhu. Hayana sabuni wala mafuta. Watu 200 wakitawadha kwa lita 2 tu kila mmoja, hizo ni lita 400, nazo zinanywesha mita 80 za mraba. Msikiti ukivuta maji ya kisima cha chumvi, chumvi itabaki, basi na hapo ni kunde na mchicha. Penye maji ya bomba au ya mvua, mfereji mfupi kutoka mahali pa kutawadha hadi uani unatosha kuanzisha bustani ya madrasa. Kamati za misikiti na wasimamizi wa wakfu wana sauti kubwa hapa kuliko mtaalamu yeyote wa kilimo.

Sasa ardhi, na hili haliwezi kusemwa bila historia. Malindi tunayoijua ilianzishwa upya mwaka 1861 na watu wa Sultani Majid wa Unguja, ikawa shamba kubwa la mtama na ufuta lililolimwa na watumwa, na nafaka yake ilisafirishwa hadi Uarabuni. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani: anayedai ardhi ajiandikishe, isiyodaiwa ni ya dola. Wamijikenda wengi na watumwa walioachwa huru hawakupata hati, na wajukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozaliwa.

Desturi ya pwani hutenganisha mti na udongo. Mnazi unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine. Ndiyo maana mwenye shamba humruhusu mpangaji alime mahindi na mboga, lakini humkataza kupanda mnazi au mwembe: mti ni madai. Mtaalamu anayekuja na miche ya matunda bila kujua hilo atashangaa kwa nini inakataliwa au inang'olewa usiku. Kwa mtu asiye na hati, zao salama ni lile linaloiva kabla ya ugomvi kuiva. Mchicha huwa tayari kung'olewa wiki 3 hadi 4 baada ya kusia. Majani ya kunde huanza kuchumwa karibu na muda huo huo.

Gunia nalo lina faida ileile, kwa kuwa linahama na mwenyewe. Katika Maweni na mitaa mingine yenye mwamba juu juu, ambako jembe hugonga jiwe, gunia ndilo shamba. Njia inayotumika Kenya, iliyoenea Kibera tangu mwaka 2008, ni hii: chukua gunia la kilo 90, simamisha katikati mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha uvute mkebe juu kidogo na kurudia hadi gunia lijae. Nguzo ya kokoto hupeleka maji hadi chini. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Sisi wa pwani tuna nyongeza nzuri: makumbi ya nazi chini na juu, yashike unyevu. Yawe yaliyonyeshewa mvua, maana yale yaliyolowekwa baharini kwa kusokota kamba yamejaa chumvi. Samadi ya mbuzi iachwe ioze kabisa kwa sababu mbichi nayo ina chumvi. Na gunia litobolewe kitako. Maji hukauka, chumvi hubaki. Isipopata njia ya kutokea, gunia lililostawi mwezi wa kwanza litaungua ncha za majani mwezi wa tatu. Masika yakifika, liachwe linyeshewe lioshwe.

Cha kupanda ndicho kinachonigusa zaidi. Mnavu, matembele, kisamvu, mrenda, kunde, mchicha na mchunga, ambao Wagiriama huuita mtsunga, ni chakula cha hapa na udongo wa hapa unakijua. Vijana wengi wameambiwa kuwa hizo ni mboga za njaa. Mwaka 2021 UNESCO iliuweka mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi, kazi iliyoanza mwaka 2007 kwa ushirikiano wa wanasayansi na jamii. Mapishi ya bibi zetu nayo yana sababu: tui la nazi husaidia mwili kufyonza vitamini A ya majani, ndimu iliyokamuliwa mwishoni husaidia kufyonza madini ya chuma, na kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke. Kumwaga maji ya mchicha, hata hivyo, ni kumwaga vitamini; maji kidogo na moto mfupi vinatosha.

Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na kilimo ni jukumu la kaunti. Kaunti ya Kilifi inaweza kuvipa vikundi vya mitaa barua ya kulima viwanja vya umma vilivyolala kwa miaka mitatu mitatu, na kuviwekea mita ya maji ya kikundi kwa bei ya nyumbani. Barua ya ukurasa mmoja ingefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Mbegu zenyewe hazitaki mfadhili. Mchicha na mnavu huachwa mashina machache yazae mbegu. Matembele hukatwa vipande. Mchunga hauuzwi dukani kwa sababu wakulima wa bara ya kaunti, Ganze na Kaloleni, huupalilia kama gugu. Huenea kwa mizizi inayotambaa, na kipande cha mzizi kikifukiwa kwenye gunia lenye unyevu huchipua. Wakati wa palizi ya masika, muulize mwenye shamba. Atakupa bure.