Fahamu: Mamogramu ni ya umri gani?
Mwongozo wa Kenya wa mwaka 2018 unapendekeza mamogramu, yaani picha ya eksirei ya kutafuta saratani ya matiti, kila mwaka kwa wanawake wa miaka 40 hadi 55, kisha kila baada ya miaka miwili hadi 74. Kwa nini isianze 25? Jibu limo kwenye picha yenyewe. Titi hubanwa kwa sekunde chache kati ya vibao viwili, kisha eksirei hupita. Mafuta huonekana meusi. Tishu nzito, ambazo wasichana wanazo kwa wingi, huonekana nyeupe. Uvimbe nao ni mweupe. Kuutafuta hapo ni kama kutafuta punje ya chumvi kwenye unga.

Wapo wasemao kipimo hiki huzua hofu bure, kwa kuwa wengine huitwa tena na kukutwa hawana saratani. Ni kweli, na mwanamke aambiwe hivyo mapema. Lakini uvimbe uliogunduliwa ukiwa mdogo hutibika vizuri zaidi. Pingamizi zito, kwangu, ni la kaunti ya Isiolo: mama wa huko Merti ataachaje mifugo na watoto kila mwaka, asafiri hadi mjini kwa ugonjwa asiouhisi? Ratiba pekee haimfai. Zahanati ya karibu imkague matiti kwa mikono, na uvimbe ukipatikana asizungushwe: Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Na chuchu iliyozama ghafla au ngozi iliyobonyea haingoji miaka 40. Hata mwenye 28 aende wiki hiyo hiyo.