Mto Ukifurika, Sitara ya Mwanamke Iko Wapi?

Kuna neno moja tulilolelewa nalo sisi watu wa pwani, chuoni kwa mwalimu na nyumbani kwa mama: sitara. Mwanamke hukogea penye sitara, hujifungulia penye sitara, na hata nguo zake nyingine huzianika penye sitara. Mwanamume akiingia uani bila ya kupiga hodi, hulaumiwa mtaa mzima. Basi leo nauliza, ndugu msomaji: Mto Tana ukifurika ukazoa ua, choo na chumba, hiyo sitara huwa imekwenda wapi? Na ni nani aliyepewa kazi ya kuirudisha?

Swali hili si la kubuni. Mto Tana, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ulifurika vibaya mwaka 1961. Ukafurika tena 1997 hadi 1998 wakati wa mvua za El Nino, ukarudi 2018, ukarudi 2023, na kabla watu hawajamaliza kukandika kuta zao ukarudi 2024. Tarehe 28 Aprili mwaka huo mashua ya abiria ilizama huko Kona Punda, upande wa Garissa, watu wakijaribu kuvuka mahali ambapo siku nyingine hupitwa kwa gari. Mwezi wa Mei wagonjwa wa kipindupindu wakaripotiwa katika Kaunti ya Tana River.

Kati ya Hola na Garsen ndiko liliko eneo la Ndera, katika nchi ya Wapokomo. Wageni wengi wanaolijua eneo hilo wamelijua kwa ajili ya msitu wake wa kando ya mto na mbega mwekundu wa Tana, mnyama asiyepatikana penginepo duniani. Hifadhi yake ilianzishwa 1976, na wataalamu wamekwenda mara nyingi kuwahesabu mbega hao. Ni jambo jema. Lakini mafuriko yanapokuja, ukiuliza katika kijiji fulani kuna waja wazito wangapi, nani amejifungua juzi, na bikizee gani hawezi kutembea, jibu hulipati katika daftari. Utalipata kwa wanawake wenyewe, kama utawauliza.

Watu wa Ndera hawauchukii mto wao. Maji yakipanda kwa kiasi huacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo mpunga, mahindi na ndizi hustawi bila ya mbolea ya dukani. Ni tangu zamani Mpokomo hulima kwa kuufuata mto, ukipanda husubiri, ukishuka hupanda mbegu. Balaa ni pale mto unapopita kiasi, ukaingia nyumbani na ukakaa wiki nyingi.

Tena mto huu hauji kama mwizi. Huko juu umezuiwa na mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililomalizika 1981, ndilo ghala kuu la maji. Likijaa na kumwaga, habari hutangazwa, na maji huchukua siku kadhaa kuteremka mpaka huku chini. Siku kadhaa ni mali kubwa kwa mwenye kujua kuzitumia. Tulisoma chuoni kwamba Nabii Nuhu aliunda jahazi lake pakavu huku watu wakimcheka. Aliyengoja mawingu ndipo atafute mbao, alichelewa.

Lakini tangazo humfikia nani? Redio mara nyingi iko barazani, penye wazee. Simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Chifu akiita mkutano asubuhi, hiyo ndiyo saa mama yuko shambani, pengine ng'ambo ya mto, anafukuza ndege katika mpunga. Habari anaipata jioni, imekwisha kupungua njiani kama maji ya ndoo iliyotoboka. Naye ndiye mwenye watoto, mbegu, kuku na mgonjwa wa kubebwa. Yaani mwenye mizigo mingi kuliko wote ndiye anayepewa muda mchache kuliko wote.

Nilifika Ndera wakati wa kiangazi, baada ya yale mafuriko ya 2024. Wanawake walikuwa wameketi chini ya mwembe, wengine wakisuka mikeka. Nikamwamkia aliye mkubwa wao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilianza kwa kumwuliza kama aliyaogopa maji. Akacheka, na wenziwe wakacheka.

"Maji tumezaliwa nayo, mwanangu. Sisi tunaogopa kule juu tunakopelekwa."

Kule juu ni kwenye mwinuko ambako hupigwa mahema na kutandazwa maturubai. Mama huyo alinieleza kwa maneno ya adabu, kwa kuwa mimi ni mwanamume na tena mgeni, lakini nilimwelewa. Vyoo havikuwa vya kutosha, na vilivyokuwapo havikuwa na mlango wala taa. Kwa hivyo wanawake waliacha kunywa maji mchana, katika joto lile, ili wasihitaji kutoka mpaka giza liingie. Wakitoka usiku walikwenda wawili wawili, wakimhofia nyoka, na wakimhofia zaidi binadamu. Msichana aliyekuwa katika siku zake alichana leso kuukuu, akawa hana pa kuifulia wala pa kuianika, akaivaa ikiwa mbichi.

Kisha wakanisimulia habari ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku. Njia ya gari ilikuwa chini ya maji, na mashua haikuwapo. Wenziwe wakasimama wakamzunguka, kila mmoja akikunjua leso yake, wakawa wao ndio ukuta na mlango. Mtoto akazaliwa ndani ya ukuta huo wa leso, naye yu hai.

Waliokuwapo walilisimulia jambo hilo kwa fahari, na ni haki yao. Mimi nililisikia kwa fahari na kwa haya pia. Wanawake wale walitoa kila walichokuwa nacho. Walichokosa ni wembe safi, uzi wa kufungia kitovu, sabuni, glavu na kipande cha plastiki cha kutandika. Vitu hivyo vitano hutiwa katika mfuko mmoja mdogo, na mashirika ya misaada duniani huvijua tangu zamani kuwa ni vya lazima katika maafa. Mfuko huo ni mwepesi kuliko kibaba cha unga. Hausahauliwi kwa uzito wake, husahauliwa kwa sababu aliyeandika orodha hakuwahi kujifungua.

Na tusidhani kwamba mambo haya hayana vipimo. Mashirika ya misaada yana miongozo inayoitwa Sphere, iliyoanza kutungwa 1997. Humo imeandikwa kwamba kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Nyumba ya watu wanane, basi, inahitaji lita 120, yaani madumu sita ya lita ishirini. Nani huyachota madumu hayo? Imeandikwa pia kwamba choo kimoja kisizidi watu ishirini, na kwamba vyoo vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume. Kamati yenye wanaume watupu ikikadiria kwa macho, huchimba nusu kwa nusu na kujiona imetenda uadilifu.

Jambo lingine ni ile orodha ya majina. Msaada ukifika huulizwa, mkuu wa nyumba ni nani? Anaandikwa baba. Kama baba ana wake wawili wenye majiko mawili, anapewa gunia moja, na anayejua litagawanywaje ni Mungu. Mjane anayeishi kwa shemeji yake hufichika chini ya jina la shemeji. Mke ambaye mumewe yuko Mombasa akitafuta riziki huambiwa amngoje mwenyewe aje.

Na hapo tunawasahau majirani. Waorma, wafugaji wanaoishi nchi moja na Wapokomo, wana desturi kwamba nyumba ya jadi hujengwa na mwanamke. Hema likiletwa, huitwa mwanamume aje alitie sahihi! Sijui desturi hiyo mpya tumeitoa wapi.

Maji yakishuka, ndipo wengi hudhani shida imekwisha. Kumbe kwa mwanamke ndiyo inaanza. Maafisa wakija kuhesabu hasara huuliza juu ya ng'ombe, mbuzi na miembe, vitu ambavyo kwa kawaida mwenyewe ni mwanamume. Kuku, vyungu, mikeka na mbegu za mpunga zilizowekwa juu ya dari haviulizwi. Na mbegu ndiyo roho ya Ndera. Ardhi iliyoachwa na maji hupandwa ingali mbichi, na mbegu zikichelewa, tope linapasuka kwa jua na baraka yote ya mafuriko inapotea. Mwanamke anayajua majira hayo kwa siku, si kwa mwezi. Mpango wa kugawa mbegu usiomwuliza yeye utaleta mbegu wakati wa kuvuna.

Pengine kijiji huambiwa kihamie juu moja kwa moja. Hapo tazama viwanja vinaandikwa kwa jina la nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inataka kuondolewa ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi. Mjane aliyekuwa na shamba bondeni asijikute juu mlimani amekuwa mpangaji.

Najua atatokea msomaji aseme: huko kuna mila, na wenye kusema ni wazee. Wapokomo wana baraza lao la wazee liitwalo Gasa, na mimi ni wa mwisho kulidharau baraza la wazee. Lakini mila ndiyo iliyotufunza kwamba mambo ya wanawake huulizwa wanawake. Mkunga hakutuma mtu kwa mzee wa Gasa amwulize namna ya kumpokea mtoto. Ikiwa tunaona haya kuyataja mambo ya hedhi na uzazi mbele ya baraza, hiyo ndiyo hoja ya kuwaita wanaoweza kuyataja. Huwezi kumwambia mwanamke akae kimya kwa ajili ya heshima, kisha ukamlaza nje pasipo pazia.

Kwa wenzetu somo hili lilipatikana kwa bei ghali. Mwaka 1991 tufani iliipiga Bangladesh ikaua watu wapatao 140,000, na waliokufa zaidi walikuwa wanawake. Wako waliolisikia onyo wakangoja waume zao warudi watoe ruhusa. Wako waliokataa kwenda kwenye majengo ya kujihifadhia kwa kuwa hayakuwa na sehemu ya wanawake. Tangu hapo nchi ile, ambayo watu wake wengi ni Waislamu kama sisi, imeandikisha wanawake wapite mlango kwa mlango kutoa onyo. Leo karibu nusu ya watu wanaojitolea katika mpango wao wa tufani ni wanawake, na vifo vimepungua mno.

Kwetu sheria haikosekani. Katiba imezipa kaunti kazi ya kushughulikia maafa, na kifungu cha 27 kinasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kinachotakiwa ni kuitumia pakavu. Kamati ya mafuriko ya kila kijiji iwe na wanawake wenye sauti, si wa kupika chai ya mkutano. Mkutano uitwe jioni, wakiwa wamerudi shambani. Katika kila mtaa wateuliwe wanawake wawili wa kupeleka onyo nyumba kwa nyumba. Mwinuko wa kukimbilia ujulikane mapema, na vyoo vichimbwe kabla ya mvua, vyenye mlango na komeo la ndani. Mifuko ya uzazi, sodo na taa iwekwe kwenye zahanati kabla njia haijakatika. Na daftari la misaada liandike kila jiko, jina la mwenye jiko likiwa mbele.

Nilipokuwa naaga nilimwuliza yule mama, kama angepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja, angeomba nini. Nilidhani atasema mashua, au chakula. Akasema, "Waje watuulize kabla, mwanangu. Baadaye huwa tumechoka."