Kabla ya Kutia Waya, Tuulize Meno Yana Nini

Likizo iliyopita nilirejea nyumbani kwetu Bondeni, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa, dada yangu akaniletea kesi. Binti yake, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa ameacha kucheka. Tuseme alicheka kwa macho tu, na mdomo akaufunika kwa ncha ya mtandio. Wenzake darasani walikuwa wamembandika jina, kwa sababu meno yake ya juu yamechomoza mbele, na baina ya mawili ya katikati pana mwanya.

Mama mtu alitaka binti atiwe waya kabla ya shule kufunguliwa. Khalati yake aliyeko Maskati alikwisha kupiga simu kusema kwamba waya ni mambo ya kale. Siku hizi watu huvaa maganda ya plastiki yasiyoonekana. Nyanya yake, aliyekuwa ameketi mkekani akisikiliza, alisema neno moja tu: "Mwanya huo hamtauziba mbele ya macho yangu." Nikaombwa kuamua mimi, eti kwa kuwa nimesomea sauti za lugha, basi najua na habari za kinywa.

Mimi si daktari, wala sikuamua. Hata hivyo, nilijifunza jambo ambalo naona lafaa kuwafikia walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Watatu wale walikuwa wakishindana juu ya chombo kabla ya kukubaliana juu ya kasoro. Mmoja alikuwa akitibu dhihaka, wa pili akifuata mtindo, wa tatu akilinda pambo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: meno haya yana nini hasa? Naye mwenye meno hakuulizwa kitu.

Lugha yetu ingeliweza kutusaidia tangu mwanzo. Kiswahili hakichanganyi mwanya na pengo. Pengo ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka, ni upungufu. Mwanya ni nafasi ya asili baina ya meno mawili ya mbele, na katika pwani yetu umehesabiwa kuwa uzuri tangu zama za mababu. Washairi wameusifu pamoja na macho na shingo. Tuna chonge, tuna gego, tuna kibogoyo, tuna ukoga unaogandamana na jino lisilosuguliwa, na tuna kithembe kwa yule ambaye sini yake inateleza. Watu walioyapa mambo haya majina mbalimbali walijua kwamba si kila kisicholingana ni ugonjwa.

Wala uzuri wa meno haujapata kuwa mmoja katika Afrika Mashariki. Waluo wa zamani waliwang'oa vijana wao meno sita ya mbele ya chini, iwe alama ya utu uzima na ya kabila. Wamaasai waling'oa mawili ya chini ya katikati. Wamakonde walichonga ya mbele yakawa na ncha. Kila jamii iliutazama mdomo kwa jicho lake, na kilichokuwa fahari kwa huyu kilikuwa kioja kwa yule. Meno yaliyonyooka kama ukuta wa matofali, ambayo vijana wetu huyaona katika sinema na simu, ni mtindo mmojawapo miongoni mwa mitindo mingi.

Hata hivyo, tusije tukaanguka upande wa pili, tukasema kwamba habari yote ni mapambo. Zipo kasoro zenye madhara. Meno yaliyopandana huficha ukoga mahali pasipofikiwa na mswaki, na jino likaoza au ufizi ukavimba. Jino la juu linaloangukia nyuma ya lile la chini husagika upande mmoja. Yako meno ya chini ambayo, kinywa kifungwapo, huchoma kaakaa. Na meno ya juu yaliyochomoza sana, ambayo midomo haiwezi kuyafunika, huvunjika kwa urahisi mtoto aangukapo. Mwaka 1899 daktari Mmarekani aliyeitwa Edward Angle aliigawa mikao mibaya ya meno katika mafungu matatu, akitazama jinsi magego ya kwanza ya ukubwani ya juu na ya chini yanavyokutana. Mgawanyo huo wangali wanautumia madaktari hadi leo. Zingatia kwamba kipimo chake ni magego yaliyo nyuma, wala si meno ya mbele yanayoonekana mtu achekapo.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Vyote hufuata kanuni moja. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi laini ndani ya mfupa ulio hai. Likisukumwa polepole bila kukoma, mfupa ulio mbele yake huyeyuka na mfupa mpya hujengeka nyuma yake. Mwendo huo ni kama milimita moja kwa mwezi, na hauharakishwi kwa fedha wala kwa hasira. Nguvu ikizidi, mzizi wa jino huumia. Ndiyo maana matibabu kamili huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na pengine zaidi. Dada yangu aliyetaka kazi iishe kabla ya shule kufunguliwa alikuwa akiomba jambo lisilowezekana.

Chombo cha kwanza ni waya wa chuma. Vibao vidogo hugundishwa juu ya kila jino, na waya ukapitishwa katikati yake. Fikra hii ni kongwe: Mfaransa Pierre Fauchard aliandika mwaka 1728 juu ya ukanda wa madini uliofungwa kwenye meno ili kuyavuta. Zamani kila jino lilivishwa pete nzima, mpaka utafiti wa Michael Buonocore wa mwaka 1955 ulipofungua njia ya kugundisha kitu juu ya jino moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 ukaja waya wa nikeli na titani, ambao ukipindwa hutaka kurudi katika umbo lake, na hivyo husukuma kwa upole kwa muda mrefu. Waya wa chuma huonekana, hukwaruza midomo siku za mwanzo, na hudai usafi wa hali ya juu. Lakini ndio wenye uwezo mpana kuliko vyombo vyote: huzungusha jino, hulishusha chonge lililokwama juu, na hufunga nafasi kubwa. Tena hauvuliwi, kwa hivyo hautegemei kumbukumbu ya mtoto.

Cha pili ni waya ule ule wenye vibao vya kauri vinavyofanana na rangi ya jino. Kazi yake ni moja na ya kwanza. Kilichoongezeka ni bei na staha ya macho. Kauri ni ngumu lakini huvunjika upesi kuliko chuma. Wako pia wanaowekewa vibao upande wa ndani, nyuma ya meno, visionekane kabisa. Hao hulipa zaidi, na ulimi wao hupata taabu zaidi.

Cha tatu ni maganda angavu ya plastiki aliyoyasifu khalati wa Maskati. Kampuni ya Align Technology iliyoyaeneza ilianzishwa Marekani mwaka 1997. Mgonjwa hupewa mfululizo wa maganda, akabadilisha kila baada ya wiki moja au mbili, kila moja likiyasogeza meno kidogo. Huvuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, na hiyo ni neema kubwa. Lakini sharti yavaliwe saa 20 hadi 22 kila siku. Mtoto anayesahau daftari nyumbani atasahau na ganda. Zaidi ya hayo, kwa kasoro nzito waya bado huweza mengi ambayo ganda hulifanya kwa shida.

Cha nne ni vifaa vya kuvaa na kuvua, vya plastiki na waya, ambavyo watoto huvaa taya zao zikiwa bado zinakua. Baadhi huupanua upinde wa juu, na baadhi huliongoza taya la chini lije mbele. Hapa ndipo wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, na kwa taya walisema kweli: jino husogezwa hata kwa mtu wa makamo, bali taya likikwisha kukua haliongozwi tena kwa kifaa. Lakini tusiutumie msemo huu kwa pupa. Utafiti juu ya meno yaliyochomoza umeonyesha kwamba kuanza mapema sana hupunguza hatari ya meno kuvunjika, lakini mwisho wa safari mtoto hawi na meno mazuri kuliko aliyeanza alipobaleghe. Inatosha mtoto achunguzwe akiwa na miaka 7 hivi. Kuchunguzwa si kutiwa waya.

Hapa dada yangu alinikatiza: "Na kusema je, kaka? Si atarekebika na kusema?" Swali hilo lilikuwa langu kwa haki. Binti yake husoma Kurani kwa tajwidi, naye alikuwa na hofu na herufi zake. Wanavyuoni wa tajwidi walikwisha kueleza zamani kwamba thaa na dhali hutoka ncha ya ulimi ikigusa makali ya meno ya mbele ya juu. Kimvita chetu nacho hutenganisha ta mbili, moja ya menoni na nyingine ya ufizini. Meno yana sehemu katika usemi, hilo halina shaka. Lakini mwenye kazi hasa ni ulimi, nao ni hodari wa kutafuta njia. Waluo waliong'oa meno sita ya chini walikuwa na lugha yenye th na dh, na waliendelea kuzitamka. Watu wengi wenye mwanya husema sini safi, na wenye meno yaliyolingana barabara huwa na kithembe. Asiyetamka vyema aangaliwe na mtaalamu wa usemi. Waya peke yake haufundishi ulimi. Kinyume chake, ganda au kifaa cha kaakaani hukoroga matamshi siku za mwanzo, kisha ulimi huzoea baada ya siku chache au wiki chache. Mwalimu asimcheke mwanafunzi katika muda huo, wala asimwondoe katika shairi au kisomo.

Liko jambo ambalo halisemwi dukani: yanayofuata baada ya waya kutolewa. Meno hutamani kurudi yalikotoka. Kwa hiyo hutolewa kishikizi, cha kuvaliwa usiku au cha kugundishwa nyuma ya meno, na huvaliwa kwa miaka mingi. Binamu yangu mmoja alinyooshwa meno ughaibuni, akarudi Mombasa akiwa na tabasamu la kupigiwa picha. Kishikizi akakiacha katika droo. Leo meno yake ya chini yamepandana kama zamani, na fedha zimekwenda. Gharama si ndogo: kwa hospitali za kibinafsi humu nchini aghalabu hupita shilingi laki moja. Asiyeweza kumudu kishikizi na safari za kila mwezi asianze, maana waya usioangaliwa hudhuru kuliko meno yaliyopinda.

Na atahadhari mtu na njia za mkato. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani iliwauzia watu maganda kwa posta pasipo daktari kuwatazama vinywa ana kwa ana. Ilipofunga milango Desemba 2023, wateja waliachwa katikati ya matibabu. Kenya imekuwa ikisomesha madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu miaka ya 1970, na waliosajiliwa wanajulikana kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Tuanze hapo, na tumwulize daktari maswali matatu: kasoro ni ipi, tukiiacha itadhuru nini, na baada ya kazi nitavaa nini na kwa muda gani?

Ndivyo tulivyofanya. Daktari bingwa alimchunguza binti na kumpiga picha za taya. Tatizo lilikuwa nyuma: taya la chini lilikuwa limebaki nyuma, na ukuaji ulikuwa bado umesalia kidogo. Mwanya haukuwa na dhambi. Kisha daktari akamgeukia mtoto, akamwuliza yeye anataka nini. Kimya kikapita. Halafu akasema, bila kufunika mdomo, kwamba anataka midomo ifunge, na mwanya wa nyanya yake ubaki.

Daktari alimwambia kwamba inawezekana kuacha mwanya mdogo, lakini hakumwahidi kipimo. Binti akaanza na kifaa cha kuliongoza taya, na waya utafuata. Mabuyu na kashata ameapishwa kuviacha waya utakapotiwa. Mswaki wa mti anautumia bado, pamoja na brashi ndogo. Kuhusu lile jina alilobandikwa, mama yake alikwenda shuleni akazungumza na mwalimu wa darasa, naye mwalimu akawakumbusha watoto msemo wa wahenga: cheka uchafu, usicheke kilema. Mimi ningeongeza kwamba hata kilema hakikuwapo. Jina lile limekoma, na kazi ya daktari bado ina miezi mingi mbele yake.