Chakula cha Ughaibuni (Sehemu ya Pili): Karak, Mchele na Posho Isiyopanda

Wiki iliyopita tuliutazama mshahara unaoandikwa kwenye mkataba wa mlinzi, mfanya usafi au mhudumu anayeondoka Mombasa, Tanga au Kampala kwenda Dubai. Leo tuzungumzie chakula, maana ndipo mshahara huo unapoanzia kuvuja, na huvuja kwa sarafu ndogo ndogo ambazo hakuna anayeziandika.

Tuanze na karak. Ni chai ya maziwa iliyochemshwa ikachemka hasa, nzito, yenye iliki na sukari nyingi. Huuzwa kwenye kafeteria ndogo za mitaa kama Deira, Satwa na Al Quoz, nyingi zikiendeshwa na watu wa Kerala, jimbo la India. Dereva wa teksi husimama nje akapiga honi, kijana akatoka mbio na kikombe cha karatasi. Kwa miaka mingi kikombe hicho kilikuwa dirhamu 1.

Tarehe 1 Januari 2018 Umoja wa Falme za Kiarabu ukaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 5, na chakula hakikusamehewa. Asilimia 5 ya dirhamu 1 ni filsi 5. Lakini sarafu ndogo inayozunguka mikononi mwa watu ni ya filsi 25. Ya filsi 5 ni nadra kuiona dukani. Mwenye kafeteria hakuweza kupandisha bei kwa kiasi kile kile cha kodi hata angetaka. Ama aimeze mwenyewe, ama bei iruke. Aliyekuwa na mauzo yasiyofika dirhamu 375,000 kwa mwaka hakulazimika hata kujisajili, kwa hiyo wengi walivumilia kwa muda. Gharama nyingine zilipowaelemea, bei iliruka kwa filsi 50, na hiyo kwa kikombe cha dirhamu 1 ni nusu nzima ya bei. Kuna mahali karak leo ni dirhamu 2.

Hapa pana jambo ambalo taarifa za mfumuko wa bei haziwezi kutuonyesha. Takwimu rasmi hupima kapu la jamii nzima: kodi ya nyumba, ada za shule, magari, tiketi za ndege. Ndani ya kapu hilo kikombe cha chai hakionekani. Kwa mtu anayekunywa viwili kwa siku, na ambaye chai hiyo pamoja na chapati moja ndicho kifungua kinywa chake, kapu lake ni hicho kikombe na sahani ya mchana. Bei zake hupanda kwa kurukaruka, naye huambiwa kwamba maisha yamepanda kwa asilimia 2 au 3.

Kilichowaelemea wenye kafeteria kilitoka mbali. Falme za Kiarabu huagiza sehemu kubwa sana ya chakula chao kutoka nje. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, kipimo cha bei za vyakula duniani kinachotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika karibu 160 mwezi Machi, pale ambapo 100 ni wastani wa miaka ya 2014 hadi 2016. Mafuta ya alizeti yakaadimika. Indonesia nayo ikazuia mafuta ya mawese kuuzwa nje ya nchi kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei mwaka huo, na mawese ni mafuta ya wakaangaji wengi wadogo. Petroli ya Dubai, ambayo bei yake hufuata soko tangu Agosti 2015, ikapita dirhamu 4 kwa lita kwa mara ya kwanza Juni 2022. Kila pikipiki ya kupeleka chakula na kila gari la kuleta vitunguu likabeba ongezeko hilo.

Kisha mchele. Tarehe 20 Julai 2023 India, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani, ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati. Mwezi uliofuata ikautoza mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa ushuru wa asilimia 20, na basmati ikakatazwa kuuzwa nje kwa bei iliyo chini ya dola 1,200 kwa tani, kiwango kilichoshushwa baadaye kuwa 950. Falme za Kiarabu zilijibu kwa kuzuia mchele kupelekwa nchi nyingine kwa miezi minne. Vizuizi vya India vilianza kulegezwa Septemba 2024. Lakini sahani ya biriani ikishapanda, ni vigumu sana kuiona ikirudi ilikokuwa. Mara nyingi hata pale bei isipoguswa, hupungua mchele, au paja la kuku hugeuka kuwa kipapatio.

Majirani wana habari zao. Oman ilipoanza VAT ya asilimia 5, tarehe 16 Aprili 2021, vyakula vya msingi viliachwa bila kodi. Saudia ilianza na asilimia 5 mwaka 2018, ikapanda hadi 15 tarehe 1 Julai 2020, chakula kikiwemo. Kwa hiyo Mzanzibari anayenunua unga wake Muscat na Mkenya anayenunua wake Riyadh hawalii kilio kimoja.

Sasa tuje kwenye posho, ambako ndiko hasa nilikotaka tufike. Kampuni nyingi hazimlishi mfanyakazi. Humpa fedha ya chakula, na kiasi chake huandikwa kwenye mkataba. Tuseme ni dirhamu 300 kwa mwezi, sawa na dirhamu 10 kwa siku. Siku ya kutia saini, 10 hizo zinaweza kuwa milo miwili ya kujibana. Bei zikiruka mara mbili tatu, zinakuwa mlo mmoja na chai, na mkataba bado unasema 300. Mfumo wa serikali ya Falme za Kiarabu wa kulinda mishahara, ulioanzishwa 2009, huhakikisha kwamba fedha imeingia benki kwa wakati. Hauulizi fedha hiyo inanunua nini.

Pengo hilo hulipwa na walio nyumbani. Mtu hawezi kukosa kula akasimama lindo la saa 12, kwa hiyo anachopunguza ni kile anachotuma. Hapo ndipo thamani ya shilingi inapoingia. Dirhamu imefungwa kwa dola, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, tangu 1997. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na dirhamu 500 zilifika Kakamega zikiwa takriban shilingi 21,800. Shilingi ilipojiimarisha hadi kama 129 katikati ya mwaka huo, 500 zile zile zikawa takriban 17,500. Nyumbani walifurahia shilingi yenye nguvu, na mzazi mwenye mtoto Dubai akabaki anajiuliza kwa nini fedha imepungua, ilhali mtoto anaapa kwamba hakubadilisha kitu. Wote wawili wanasema kweli. Na mtoto huyo hakuwa na dirhamu ya kuongeza ili kuziba pengo, kwa kuwa ilishakwenda kwenye biriani.

Tangu Januari 2025 Falme za Kiarabu zimeweka utaratibu kwamba bidhaa tisa za msingi, zikiwemo mchele, mafuta ya kupikia, mayai, sukari, kuku, mkate na jamii ya kunde, hazipandishwi bei bila kibali cha wizara. Ni hatua njema na naiunga mkono. Ila inamfaa mwenye jiko. Anayekaa kwenye chumba cha vitanda vinane ambamo kupika kumekatazwa hanunui mchele wa kilo, hununua sahani, na bei ya sahani haimo katika tisa hizo. Palipo na jiko, vijana hutupia fedha pamoja, mmoja akapika dengu na wali wa watu sita, na posho ile ile ikafika mwisho wa mwezi. Pasipo na jiko huletwa chakula cha mkandarasi kilichopikwa saa tisa usiku, kinachofunguliwa saa sita na nusu mchana kwenye joto la Julai. Mara nyingi huwa kimeshachacha, na mtu huenda kununua kingine kwa fedha yake.

Kwa hiyo ninawaomba maofisa wetu wa balozi wanaohakiki mikataba ya kazi waisome sehemu ya chakula kwa umakini ule ule wanaousomea mshahara. Posho isiyo na kipengele cha kupitiwa upya kila kibali cha kazi kinapohuishwa ni njia ya kumtwika mfanyakazi hatari yote ya bei za dunia, kuanzia vita vya Ukraine hadi vizuizi vya Delhi. Mkataba utaje kama makazi yana jiko. Na kijana anayeulizwa na wakala kama ana swali, aulize sahani ya wali na kuku inauzwa dirhamu ngapi karibu na makazi atakayopangiwa, kisha aizidishe kwa siku 30 kabla ya kushika kalamu.

Wiki ijayo: kitanda, na kodi yake.