NAULI YA MTU ALIYELALA NJIANI

Tingi hakuna reli. Iliwahi kuwapo reli huku Kusini, ile waliyoijenga Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mpango wao wa karanga wa Nachingwea, ikafika hata Mtwara. Mpango wa karanga ulikufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Tangu hapo mtu wa Kilwa aendaye Dar es Salaam kwa nchi kavu hana budi kuitegemea barabara na basi. Kwa hiyo tunapozungumza leo juu ya fidia ya abiria aliyecheleweshwa, mwenyeji wa Kilwa asidhani kwamba hiyo ni habari ya wapandao treni za umeme peke yao.

Tumeletewa malalamiko ya mama mmoja wa Tingi. Alikata tikiti ya kwenda Dar es Salaam pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa amepangiwa siku ya kuonana na daktari. Karani wa tikiti aliambiwa waziwazi kwamba kesho yake asubuhi mtoto lazima awe hospitali. Basi likaharibika hata kabla ya kuuvuka Mto Rufiji. Abiria walikaa chini ya miti toka adhuhuri mpaka usiku, dereva akipiga simu, utingo akiwa amelala uvunguni mwa gari na spana mkononi. Basi jingine halikuletwa. Walifika mjini siku ya pili jua likiwa utosini, na zamu ya mtoto imekwisha pita. Wakaambiwa warudi baada ya mwezi mmoja. Mama alipoomba arudishiwe nauli, kondakta alimjibu, "Mama, gari ni chuma." Alipokwenda afisini aliulizwa tikiti iko wapi. Tikiti ilikuwa imechukuliwa na kondakta huyo huyo, mlangoni mwa basi!

Neno hili la gari kuwa chuma twalisikia kila siku, na limekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufani. Ni kweli, chuma huchoka. Lakini mwenye chuma ndiye ajuaye kimechoka kiasi gani, wala si yule mama aliyetoa fedha taslimu kabla hajaonyeshwa hata gurudumu moja. Tikiti ni mkataba. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza kutumika mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa sheria ya Bara Hindi ya mwaka 1872, yasema katika kifungu chake cha 73 kwamba avunjaye mkataba atamlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokea kwa kawaida ya mambo, au hasara ambayo wote wawili waliijua walipokuwa wakipatana. Hasara ya mbali hailipwi. Msomaji aone basi uzito wa maneno aliyomwambia karani yule mama wa Tingi. Abiria anyamazaye atadai usumbufu wake tu. Aliyesema mapema kwamba anawahi hospitali, au mahakama, au maziko, ana neno la kushika.

Mahakama za Uingereza zilikwisha pima jambo hili mwaka 1875, katika shauri la bwana mmoja aitwaye Hobbs dhidi ya kampuni ya reli ya London na Kusini-Magharibi. Hobbs alipanda treni usiku pamoja na mkewe na watoto wawili kwenda Hampton Court. Treni ikawapeleka Esher. Hapakuwa na gari la kukodi wala nyumba ya kulala, wakatembea kwa miguu maili kadhaa katika mvua, na mke akashikwa na homa ya baridi. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa paundi 28: 8 kwa usumbufu wa kutembea, na 20 kwa ugonjwa wa mke. Majaji wakaziacha zile 8 na kuzifuta zile 20, wakisema ugonjwa ulikuwa mbali mno na kosa lenyewe. Sisi twaona walimwonea mama wa watu, lakini hilo tuwaachie wanasheria. La maana kwetu ni zile paundi 8: usumbufu wenyewe wa kutembea usiku mvuani ulihesabiwa kuwa hasara yenye bei.

Watakuja wenye mabasi watuulize, je, na mvua? Swali hilo ni la haki, na huku Kilwa si la kubahatisha. Mwezi Mei 1924 si wa kukumbukwa na wengi, lakini Mei 2024 twaukumbuka sote: kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara kuu ilikatika Somanga na kwingineko wilayani, na abiria wakakwama pande zote mbili za maji. Aprili 2025 barabara ikakatika tena hapo hapo Somanga. Hakuna mwenye akili atakayemdai mwenye basi fidia ya kimbunga. Hata nchi za Umoja wa Ulaya, ambazo zimeweka kwamba treni ikichelewa saa moja abiria hulipwa robo ya nauli, na ikichelewa saa mbili au zaidi hulipwa nusu, zilikubali katika kanuni yao mpya iliyoanza Juni 2023 kwamba hali ya hewa ya kupita kiasi humwondolea mwenye reli deni hilo la fidia. Lakini hazikumwondolea wajibu wa kuwatunza abiria waliokwama, wala abiria akatae kuendelea na safari hakupoteza nauli yake. Fidia ni kitu kimoja, na nauli ya safari isiyofanywa ni kitu kingine. Aliyekwama Somanga akarudi kwao hakununua kimbunga. Alinunua safari, na safari hakuipata.

Tena mvua isifanywe kichaka cha kujifichia. Tairi lililoisha halikuharibiwa na kimbunga, wala basi lililoondoka saa tatu badala ya saa kumi na mbili kwa kungoja viti vijae halikuzuiwa na Mto Matandu.

Pengine itasemwa kwamba Ulaya ni matajiri. Basi tutazame Bara Hindi, ambako treni ya Tejas kati ya Delhi na Lucknow ilipoanza Oktoba 2019 abiria waliahidiwa rupia 100 ikichelewa zaidi ya saa moja, na rupia 250 ikizidi saa mbili. Fedha hizo zilikuwa kidogo, lakini kiasi kilijulikana kabla ya safari, na abiria hakuhitaji wakili.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Haki ipo katika vitabu. Njia ya kuifikia ndiyo ndefu kuliko safari yenyewe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inayo kazi ya kupokea malalamiko ya abiria wa mabasi na wa treni, na lipo baraza la kuwatetea watumiaji wa huduma hizo. Lakini ni nani atakayefunga safari toka Tingi kwenda kudai nauli, ikiwa madai yenyewe yatamla nauli nyingine mbili? Mwenye basi ajua hesabu hiyo vizuri kabisa.

Twataka kiasi cha fidia kiandikwe nyuma ya kila tikiti, kwa saa na kwa shilingi. Kondakta akatazwe kuichukua tikiti ya abiria, maana huko ni kumnyang'anya shahidi wake. Nao abiria, mpaka hayo yatakapofanyika, waipige picha tikiti, waandike namba ya gari, saa na mahali lilipoharibika, na wapeane majina na jirani zao wa kiti. Watu arobaini wenye barua moja si sawa na mama mmoja dirishani.

Twajua baadhi ya wenye mabasi ni wenzetu katika Chama, nao watatuuliza kwa nini tunawaandika. Jibu letu ni kwamba yule mama naye ni mwenzetu, na kadi yake ameilipia.

Kituo kiko Nangurukuru, na mabasi ya Kusini hupita pale kila siku. Kifunguliwe kitabu cha malalamiko hapo hapo, kisomwe kila wiki na mtu wa Serikali, na majibu yapelekwe hata kwenye afisi ya kata ya Tingi. Mtoto anarudi kwa daktari mwezi ujao, na mamaye anatafuta nauli ya pili.